Wi-Fi ya laptopu yangu ya Linux inakatika kila mara: nianzie wapi?

Swali: Habari mtaalamu. Laptopu yangu inatumia Ubuntu. Wi-Fi inaunganika vizuri, lakini baada ya dakika kumi au ishirini inakatika. Wakati mwingine alama ya Wi-Fi inabaki palepale juu ya skrini ila hakuna ukurasa unaofunguka, mpaka niizime na kuiwasha tena. Simu yangu iko chumba hichohicho na haina shida yoyote. Naona kama nikichomeka chaja hali inakuwa nafuu, ingawa sina uhakika. Nimeshasimika upya mfumo mzima bila mafanikio. Baadaye nikafuata maelekezo ya kuandika mstari options iwlwifi 11n_disable=1. Sasa kasi imeshuka na bado inakatika. Nifanye nini?

Jibu: Ndugu, umefanya vyema kutaja chaja na kuunukuu mstari ule kama ulivyo, maana mambo hayo mawili yananieleza zaidi kuliko neno "inakatika". Nitayafikia yote. Kwanza tuuondoe mstari wenyewe.

11n_disable=1 inazima kiwango cha 802.11n, kimoja cha viwango vya Wi-Fi. Viwango vilivyofuata, yaani ac na ax, vimejengwa juu ya n, kwa hiyo navyo vinazimika pamoja nacho. Unabaki na kasi ya 802.11a au g, ambayo kikomo chake ni 54 Mbit/s kwa nadharia na pungufu sana ya hapo kwa matumizi halisi. Kulikuwa na kadi za zamani zilizotulia kwa njia hiyo, ndipo mstari huo ukawa unanakiliwa na kupewa kila mwenye shida ya Wi-Fi, hata pale ambapo ugonjwa ni mwingine kabisa. Hata hivyo umetuachia taarifa moja ya maana. iwlwifi ni draiva (programu inayoiwezesha Linux kutumia kadi) ya kadi za Intel peke yake. Kadi ya kampuni nyingine isingeusoma mstari huo kamwe. Kama kasi ilishuka mara tu ulipowasha upya, basi karibu hakika kadi yako ni ya Intel. Thibitisha kwa amri hii:

lspci -nnk | grep -iA3 network

Utaona jina la kadi, na chini yake mstari wa "Kernel driver in use". Andika jina hilo pembeni, tutalihitaji. Sasa tafuta faili ulimouweka ule mstari:

grep -r 11n_disable /etc/modprobe.d/

Ufute, washa upya laptopu, kisha hakikisha umeondoka kweli:

cat /sys/module/iwlwifi/parameters/11n_disable

Jibu liwe 0. Hapo tumerudi mahali safi pa kuanzia. Nakusihi kuanzia sasa ubadilishe kitu kimoja tu kwa wakati mmoja, na kisiposaidia ukirudishe kilivyokuwa kabla ya kujaribu kingine. Wengi wanaoniandikia wana mistari mitano au sita ya kunakili kwenye /etc/modprobe.d, na hakuna anayeweza kusema ni upi unaosaidia na upi unaoharibu.

Kuhusu kusimika upya mfumo: haishangazi kwamba hakukusaidia. Ulirudisha toleo lilelile, lenye keneli (kiini cha mfumo) ileile, draiva ileile na mipangilio ileile ya kuanzia. Kwenye Linux, tatizo la Wi-Fi kukatika ni nadra sana kutokana na mfumo "kuchafuka". Hutokana na makubaliano kuvunjika kati ya laptopu na ruta, na swali la msingi ni lile unalojiuliza mazungumzo ya simu yanapokatika ghafla: nani amekata? Ni wewe, ni yule wa upande wa pili, au ni mawimbi yamepotea bila yeyote kukata? Linux inaandika jibu la swali hilo kila mara tatizo linapotokea. Usipolisoma jibu hilo, kila dawa utakayojaribu ni bahati nasibu.

Umesema mara nyingine alama ya Wi-Fi inabaki huku hakuna kinachofunguka. Hali hiyo ni tofauti na kukatika kabisa, kwa hiyo tuitenge. Safari ijayo ikitokea, usikimbilie kuzima na kuwasha Wi-Fi, kwa sababu ukifanya hivyo unafuta ushahidi. Fungua terminali, uandike iw dev upate jina la kiolesura chako, yaani jina ambalo Linux imeipa kadi yako ya Wi-Fi. Mimi nitatumia wlp2s0 katika mifano. Wewe weka lako. Kisha:

iw dev wlp2s0 link
ip route
ping -c 5 192.168.1.1
ping -c 5 1.1.1.1
getent hosts example.org

Badala ya 192.168.1.1 weka anwani iliyo baada ya maneno "default via" kwenye majibu ya ip route. Hiyo ndiyo anwani ya ruta yako. Amri ya kwanza ikijibu "Not connected", muungano umekufa kweli. Ikionyesha jina la mtandao na nguvu ya mawimbi lakini ruta haijibu ping, laptopu inaamini imeunganika huku pakiti, yaani vipande vya data, hazipiti. Hapo mshukiwa ni kadi, draiva au mpangilio wa kuokoa umeme. Ruta ikijibu lakini 1.1.1.1 isijibu, laptopu yako haina kosa, tatizo liko kati ya ruta na mtoa huduma. Na kama zote mbili zinajibu ila getent inarudi mikono mitupu, ni DNS, huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani za namba, ndiyo imekwama: angalia resolvectl status uone ni seva ipi inayoulizwa, na uache kuhangaika na kadi. Watu wengi hupoteza siku nzima wakibadilisha draiva kwa tatizo la DNS, ndiyo maana nakuomba ufanye vipimo hivi kabla ya jambo lolote.

Wakati huohuo, kabla dakika hazijapita nyingi, soma kumbukumbu za mfumo:

sudo journalctl -b --since "-10min" | grep -iE 'wlp2s0|wpa_supplicant|NetworkManager|iwl'

Ukipenda kuona mambo yakitokea mbele yako, acha dirisha moja likiwa na sudo journalctl -f wakati unaendelea na kazi. Maneno utakayoyakuta ni ya kitaalamu, lakini ya kuzingatia ni machache.

Ukiona "deauthenticating from" ikifuatiwa na "by local choice", laptopu yenyewe ndiyo iliyokata. Kwenye mistari ya wpa_supplicant, programu inayoshughulikia kuunganika na nenosiri la Wi-Fi, utaona jambo lilelile likiandikwa locally_generated=1. Hapo panda juu sekunde chache nyuma umtafute aliyetoa amri: pengine NetworkManager, programu inayosimamia mitandao kwenye Ubuntu, imebadilisha mtandao, pengine laptopu ilikuwa inaingia usingizini, pengine kuna programu nyingine inayodhibiti Wi-Fi kwa siri. Hili la mwisho hutokea zaidi kwa wanaopenda kuchezea mfumo: wamewasha iwd, mbadala wa wpa_supplicant, huku wpa_supplicant yenyewe ikiendelea, au systemd-networkd inagombania kiolesura kimoja na NetworkManager. Amri hii inakuonyesha walio kazini:

systemctl is-active NetworkManager systemd-networkd iwd wpa_supplicant dhcpcd

NetworkManager na wpa_supplicant kuwa kazini pamoja ni sawa, zinasaidiana. Mwingine yeyote akionekana "active", chunguza kama anagusa wlp2s0, na mmoja aondoke.

Ukiona "deauthenticated from" au "disassociated from", bila maneno ya "local choice", ruta ndiyo iliyokata, na mbele yake kuna namba ya sababu. Namba hizo zimewekwa na kiwango cha 802.11 na ni zilezile kwa ruta zote. Namba 2 inamaanisha ruta haiutambui tena uthibitisho wa awali. Mara nyingi ruta imejiwasha upya au imekusahau. Namba 4 ndiyo ninayoitazamia kwako: ruta imekuondoa kwa sababu haijakusikia kwa muda. Namba 15 na 16 zinahusu kubadilishana funguo za usimbaji: 15 ni salamu ya hatua nne wakati wa kuunganika, 16 ni ufunguo wa kundi ambao ruta huubadilisha kila baada ya muda fulani. Kwa 15 kuna mtego mmoja. NetworkManager inaweza kudhani nenosiri limekosewa na kukutolea kidirisha cha kuliomba tena, ilhali nenosiri ni sahihi na pakiti za salamu ndizo zilizopotea njiani. Usilibadilishe nenosiri. Ghairi, kisha uangalie nguvu ya mawimbi.

Ukiona "Connection to AP" ikimalizikia na "lost", hakuna aliyekata. Laptopu imesubiri matangazo ya ruta bila kuyasikia, ikaamua kwamba ruta haipo. Na ukiona "Microcode SW error detected", basi fimwea imeanguka, yaani ile programu ndogo inayopakiwa ndani ya kadi yenyewe. Draiva hujaribu kuiwasha upya, na wakati huo mtandao unapotea kwa sekunde kadhaa au moja kwa moja.

Sasa turudi kwenye chaja, maana naamini tatizo lako liko hapo au jirani na hapo.

Kadi ya Wi-Fi inatumia umeme hata pale ambapo hakuna unachopakua. Ili kuupunguza, kadi husinzia. Ruta hutoa tangazo fupi takribani mara 10 kwa sekunde, na ndani ya tangazo hilo kuna orodha ya vifaa vilivyo na pakiti zinazosubiri. Kadi inayosinzia inatakiwa iamke kwa wakati, isikie tangazo, na ikijikuta kwenye orodha iombe pakiti zake. Utaratibu huu ni mzuri pande zote mbili zikiutekeleza vilevile. Kadi ikichelewa kuamka, au ruta ikitupa pakiti mapema, unapata hali uliyoieleza: alama ipo, kurasa hazifunguki. Ukimya ukizidi, ruta inaona umeondoka na kukufuta kwa sababu namba 4. Simu yako nayo inasinzia, lakini ina kadi nyingine yenye fimwea nyingine, na uhusiano wake na ruta hiyo ni mwema. Kwa hiyo simu kuwa salama kunaondoa lawama kwenye laini ya mtoa huduma. Hakuondoi lawama kwenye jinsi ruta na laptopu zinavyoelewana.

Angalia hali ilivyo:

iw dev wlp2s0 get power_save

Ikijibu "on", izime kwa majaribio:

sudo iw dev wlp2s0 set power_save off

Kisha chomoa chaja na uendelee na kazi zako kwa muda unaozidi ule ambao kwa kawaida usingepita bila kukatika. Kumbuka badiliko hili ni la muda. Mtandao ukiunganika upya, NetworkManager inaweza kurudisha mpangilio wake, kwa hiyo likitokea tatizo tena angalia get power_save kabla ya kusema jaribio limeshindwa.

Ubuntu huja na faili /etc/NetworkManager/conf.d/default-wifi-powersave-on.conf lenye mstari wifi.powersave = 3, na 3 maana yake kuokoa umeme kumewashwa. Usilihariri faili hilo, sasisho linaweza kuligusa. Tengeneza lako ambalo jina lake kwa alfabeti linakuja baadaye, maana linalosomwa mwisho ndilo linaloshinda. Mfano, /etc/NetworkManager/conf.d/zz-wifi.conf, na ndani yake:

[connection]
wifi.powersave = 2

Namba 2 inazima. Baada ya hapo sudo systemctl restart NetworkManager, uunganike upya, uangalie tena kama jibu ni "off". Betri itaisha mapema kidogo, na kwa maoni yangu ni gharama ndogo kwa mtu anayefanya kazi inayotegemea mtandao.

Lakini tazama: faili hilo la Ubuntu halitofautishi chaja na betri. Kama kweli chaja inaleta nafuu, kuna kitu kingine kinachobadilisha mambo unapochomoa. Mshukiwa wa kwanza ni TLP, programu ya kuokoa betri ambayo wengi huisimika kisha wakaisahau. Kwa kawaida TLP huwasha usingizi wa Wi-Fi laptopu ikiwa kwenye betri na kuuzima ikiwa kwenye chaja, jambo linalolingana kabisa na dalili zako. Andika tlp-stat -s. Kama ipo, fungua /etc/tlp.conf na uweke:

WIFI_PWR_ON_BAT=off

Hakikisha hakuna alama ya # mwanzoni mwa mstari, kisha sudo tlp start.

Kwa kadi za Intel kuna ngazi nyingine chini ya hiyo, kwenye draiva yenyewe. Kama lsmod | grep iwlmvm inaleta jibu, unaweza kuunda faili /etc/modprobe.d/iwlmvm.conf lenye mstari mmoja:

options iwlmvm power_scheme=1

Thamani ya kawaida ni 2, yaani usawa kati ya kasi na umeme. 1 inaiacha kadi macho wakati wote. Fanya hivi pale tu ambapo kuzima power_save kwa njia ya kwanza kumesaidia nusunusu.

Kuna usingizi wa tatu, nao wengi hawaujui: ule wa njia ya PCIe inayounganisha kadi na ubao mama. Njia hiyo hupunguza umeme isipotumika, na kadi fulani haziamki vizuri kutoka hapo. Dalili zake ni nzito zaidi: kumbukumbu zinajaa "PCIe Bus Error", au kadi inatoweka kabisa hata lspci isiione mpaka uwashe upya. Ukikuta hayo, jaribu mara moja bila kubadilisha faili lolote. Wakati wa kuwasha, kwenye menyu ya GRUB, programu inayoipakia Linux, bonyeza e, uongeze pcie_aspm=off mwishoni mwa mstari unaoanza na linux, kisha bonyeza Ctrl na X. Ikikaa sawa siku nzima, ndipo uiandike kwenye /etc/default/grub ndani ya GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT na kuendesha sudo update-grub. Kama hukuona makosa ya PCIe kwenye kumbukumbu, usiiguse. Itamaliza betri bila faida.

Tukubaliane sasa kwamba umezima usingizi wote na bado inakatika. Hapo naenda kwenye mawimbi. iw dev wlp2s0 link inakuonyesha masafa na nguvu ya mawimbi kwa dBm, namba hasi ambayo kadiri inavyosogea sifuri ndivyo mambo yanavyokuwa mazuri. Hadi kama -67 huna cha kulalamika. Kwenye -75 kasi inaanza kuyumba. Ukifika -80 au chini zaidi, kukatika si hitilafu ya Linux, ni umbali au kuta. Iendeshe ukiwa palepale unapokaa kufanya kazi, maana ukisimama karibu na ruta itakudanganya. Kisha:

iw dev wlp2s0 station dump

Linganisha "tx retries" na "tx packets", uangalie na "beacon loss". Kurudia kutuma kidogo ni kawaida. Marudio yakikaribia idadi ya pakiti zenyewe huku nguvu ya mawimbi ikiwa nzuri, kuna kelele hewani.

Kelele hiyo mara nyingi iko mezani kwako. Bendi ya 2.4 GHz inatumiwa na Bluetooth pia, na kwenye laptopu nyingi Bluetooth na Wi-Fi ziko kwenye kadi moja zikigawana antena. Kama mtandao unakatika unapovaa vipokea sauti vya Bluetooth, umepata jibu. Vifaa vya USB 3.0 navyo hutoa kelele ndani ya bendi hiyohiyo. Intel ilichapisha waraka kuhusu jambo hilo mwaka 2012. Diski ya nje iliyochomekwa upande ilipo antena inaweza kuua Wi-Fi ya 2.4 GHz kila inaponakili faili kubwa. Oveni ya maikrowevu inajulikana na wengi. Namna rahisi ya kuyakwepa yote ni kuhamia 5 GHz ikiwa ruta inayo na hauko mbali:

nmcli connection modify "JINA LA MTANDAO" 802-11-wireless.band a

Herufi a ni 5 GHz, bg ni 2.4 GHz, na ukiacha "" inarudi kuchagua yenyewe. Jambo hili linatibu pia tatizo la ruta zinazotumia jina moja kwa bendi zote mbili, ambapo laptopu inarukaruka kutoka moja hadi nyingine ikikatika kila inapohama. Huenda simu yako imetulia kwenye 5 GHz siku zote hizi huku laptopu ikihangaika kwenye 2.4, ni rahisi kuhakikisha, na linganisho la simu na laptopu halina maana mpaka ujue.

Upande wa ruta, ukiwa na ruhusa ya kuingia kwenye mipangilio yake, mambo matatu. Kwa 2.4 GHz chagua chaneli 1, 6 au 11, upana wa 20 MHz, uache kumwachia ruta achague "auto". Kwa 5 GHz tumia chaneli 36 hadi 48. Chaneli za 52 hadi 144 zinatumiwa pia na rada, na ruta ikihisi rada inalazimika kisheria kuihama chaneli papo hapo, ikikuacha bila mtandao. La tatu ni usimbaji: weka WPA2 yenye AES peke yake kwa majaribio. Hali ya mchanganyiko ya WPA2 na WPA3 inasumbua baadhi ya kadi, na ile ya zamani yenye TKIP haina sababu ya kuwepo tena. Kama WPA2 tupu inatuliza mambo, umejua kwamba shida ni mazungumzo ya funguo, nayo mara nyingi hurekebishwa na toleo jipya la fimwea.

Kama kukatika kwako kungekuwa na saa maalumu, mathalani kila baada ya dakika 60 kamili, ningekuelekeza kwenye vipima muda: ufunguo wa kundi unaobadilishwa na ruta, au muda wa anwani ambayo ruta huipa laptopu (DHCP), ambao laptopu huanza kuuongeza ukifika nusu. Umesema dakika kumi au ishirini bila mpangilio, kwa hiyo sitarefusha hapo. Ila ukisoma kumbukumbu na kuona muda unajirudia sawasawa, usilipuuze.

Fimwea na keneli nimeziacha mpaka hapa kwa makusudi, maana kusasisha bila kujua tatizo ni kubahatisha tu. Lakini kama ulikuta "Microcode SW error", hapa ndipo pa kuanzia. Toleo la fimwea linalotumika unaliona kwa:

sudo dmesg | grep -i 'loaded firmware'

Sasisha kifurushi cha linux-firmware pamoja na keneli. Kwenye Ubuntu za LTS (matoleo yanayotunzwa kwa muda mrefu) kuna keneli mpya zaidi zinazoitwa HWE; kwa 24.04 kifurushi ni linux-generic-hwe-24.04. Kabla hata ya kusimika, andaa flashi yenye toleo jipya kabisa la Ubuntu au Fedora, uwashe laptopu kutoka kwenye flashi bila kusimika chochote, ufanye kazi zako humo kwa muda. Isipokatika humo, na usingizi wa kadi ukiwa katika hali ileile uliyoipima kwako, basi keneli au fimwea ndiyo dawa, na una uhakika kabla ya kugusa mfumo wako. Nalipenda sana jaribio hili kwa sababu halina hatari na jibu lake liko wazi. Pia kumbuka kinyume chake: kama kukatika kulianza baada ya sasisho, chagua keneli ya awali kwenye menyu ya GRUB, chini ya "Advanced options", uone kama hali inarudi kuwa njema.

Huenda lspci imekuonyesha kadi isiyo ya Intel, na wasomaji wengine watakuwa nazo. Kwa Realtek mpya zinazotumia rtw88 au rtw89, usingizi wa PCIe ndio mshukiwa mkuu, na draiva zenyewe zina chaguo la kuuzima: disable_aspm=1 kwa moduli (kipande cha draiva) ya rtw88_pci, disable_aspm_l1=y kwa rtw89_pci. Kwenye rtl8723be, chaguo za fwlps=0 na ips=0 zinazima usingizi, na kama mawimbi ni dhaifu hata karibu na ruta jaribu ant_sel=1 kisha ant_sel=2, maana laptopu nyingi zenye kadi hiyo zimefungwa antena moja tu na draiva inaweza kuwa inasikiliza tundu lisilo na waya. Kabla ya kuandika chaguo lolote, endesha modinfo pamoja na jina la moduli yako uone kama chaguo hilo lipo kwenye toleo lako. Mstari wa moduli usiyokuwa nayo haukusaidii hata kidogo.

Ukifika mwisho wa yote haya na kadi bado inaanguka kwenye keneli mpya kabisa, nitumie majibu ya lspci -nnk, uname -r, iw dev wlp2s0 link, pamoja na mistari ya journalctl ya dakika 2 kabla ya kukatika na 1 baada yake. Futa nusu ya mwisho ya kila anwani ya MAC (namba ya utambulisho ya kadi) na jina la mtandao wako kabla ya kutuma. Hizo ndizo taarifa zilezile watengenezaji wa draiva watakazokuomba ukiwaripotia hitilafu, kwa hiyo hutakuwa umepoteza kazi.

Na ukiamua kubadilisha kadi, jambo ambalo wakati mwingine ni busara kuliko wiki nzima ya kuhangaika, angalia kwanza kama ya kwako inachomoleka au imeunganishwa moja kwa moja kwenye ubao mama. Zinazochomoleka kwa laptopu za miaka ya karibuni huwa za umbo la M.2 2230. Intel AX200 na AX210 ni kadi za PCIe za kawaida na zinafanya kazi vizuri na Linux. AX201 na AX211 zinafanana nazo kwa sura lakini sehemu ya kazi yao inafanywa na prosesa yenyewe, kwa hiyo zinafaa tu kwenye mashine za Intel zilizotengenezwa kuzipokea. Kwenye mashine ya AMD hazitatambulika kabisa. Baadhi ya laptopu, hasa za zamani, zina BIOS inayokataa kadi isiyo kwenye orodha ya mtengenezaji, basi soma mwongozo wa modeli yako kabla ya kununua.